Maradhi ya Kula kwa Siri, na Ndimi Zinazoyalisha

 

Ndugu zetu, somo letu la leo ni juu ya jambo linalopatikana ndani ya nyumba zetu hapa Matuga, kuanzia Waa na Ng'ombeni hata Tiwi, Kombani na Golini, wala halisemwi, kwa kuwa mwenye nalo huona aibu, na wanaomwona humcheka. Jambo lenyewe ni la mtu ambaye hula chakula kingi mno kwa mara moja, peke yake, bila ya njaa na bila ya kuweza kujizuia, kisha hubaki na majuto na kuuchukia mwili wake. Wengi wetu huliita jambo hili ulafi, wakakomea hapo. Sisi twataka kubainisha kwamba hayo ni maradhi yanayojulikana na matabibu. Kwamba maradhi hayo hulishwa na fedheha. Na kwamba sehemu kubwa ya fedheha hiyo twaitia sisi wenyewe kwa ndimi zetu. Na anayemtilia mwenzake sumu katika chakula hana haki ya kumlaumu kwa kuumwa na tumbo.

UNENE NA ULAFI NI VITU VIWILI

Yatupasa kwanza tutenganishe mambo yaliyochanganywa. Matabibu hupima unene kwa kuchukua kilo za mtu na kuzigawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25, uzito wake umezidi. Ikifika 30, huo ndio unene wa kupita kiasi. Kwa mfano, mtu wa urefu wa mita 1.60 hufika 25 akiwa na kilo 64, na hufika 30 akiwa na kilo 77. Unene huu si jambo la kupuuzwa, kwani hufungua mlango wa kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti.

Wala si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022, katika kila watu 8 ulimwenguni, mmoja alikuwa na unene wa kupita kiasi. Na katika Kenya, uchunguzi wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka huo huo wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100, wa umri wa miaka 20 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupita kiasi.

Je, hawa wote ni walafi? Hasha. Unene una sababu nyingi. Kuna mwili aliourithi mtu kwa wazazi wake. Kuna dawa zinazonenepesha. Kuna uzazi wa mara kwa mara. Kuna kazi ya kukaa kitako mchana kutwa, baada ya wazee wetu kushinda na jembe shambani na kwenda kwa miguu, nasi leo hata dukani twapanda bodaboda. Na kuna ufukara, kwani unga mweupe, sukari na mafuta hushibisha kwa fedha kidogo, na samaki na matunda yataka fedha nyingi. Basi anayemtazama mtu mnene na kumhukumu kwamba ni mlafi, amehukumu bila ya ushahidi. Na kuna watu wembamba walio walafi, wala hakuna anayewasema.

MARADHI YENYEWE

Katika watu wanene wamo wachache wenye maradhi tunayoyakusudia, na wasio wanene pia huyapata. Mwaka 1959 tabibu wa nafsi wa Marekani aitwaye Albert Stunkard aliandika juu ya wagonjwa wanene aliowaona wakila kwa mfumo usio wa kawaida: hushikwa kwa ghafula, wakala chakula kingi kwa muda mfupi, kisha wakajilaumu vikali. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla ya jambo hilo kupewa mahali pake. Mwaka 2013 chama cha matabibu wa nafsi cha Marekani kiliyaandika katika daftari lake kuwa ni maradhi kamili, na orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 nayo imeyataja.

Alama zake ni hizi. Mtu hula, katika muda kama wa saa mbili, kiasi kinachozidi mno kile ambacho watu wengine wangekula katika hali kama hiyo, na huku ajiona hana mamlaka juu ya mkono wake. Hula upesi kuliko desturi. Hula mpaka tumbo limuume. Hula na hali hana njaa. Hula peke yake kwa kuona aibu. Na akiisha kula hujichukia, na huingiwa na huzuni na majuto. Si lazima alama zote zikusanyike, lakini hali hiyo ikimrudia angalau mara moja kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, na ikawa yamtaabisha, basi ni maradhi. Tofautisha, ewe msomaji, baina ya huyu na yule anayekula sahani mbili za biriani arusini, akacheka na wenziwe na akaenda zake kulala. Huyu wa pili amezidisha, na atanasihiwa. Lakini hana maradhi tunayoyasema. Mwenye maradhi haoni hata ladha ya kile anachokila.

PICHA YA MWILI ILIYOMO NDANI YA NAFSI

Wenye elimu ya nafsi husema kwamba kila mtu ana miili miwili: mwili wake wenyewe, na picha ya mwili huo aliyo nayo moyoni. Picha hii haichorwi na kioo peke yake. Huchorwa na maneno ya mama, ya mashoga, ya mume, na ya watu wa barazani. Mtoto akiitwa bonge toka utotoni, jina hilo humwingia moyoni, na huenda likabaki humo hata akikonda.

Katika pwani yetu maneno hayo yamekuwa ya namna mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, ada yetu husifu mwili uliojaa. Bi arusi akitiwa ndani hulishwa ili atoke amenawiri, na mwanamke akinenepa baada ya kuolewa watu humsifu mumewe kwamba anamtunza. Mtu akipungua huulizwa ana maradhi gani. Na swali hilo lina historia yake Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980 ulipozuka Ukimwi, watu wa Rakai, Uganda, waliuita ugonjwa huo "slim", yaani wembamba, na matabibu waliandika khabari zake kwa jina hilo mwaka 1985. Tangu zama hizo kukonda kumeingiwa na khofu ya mauti na ya kusengenywa, na wako watu waliokuwa radhi kunenepa ili wasidhaniwe.

Kwa upande wa pili, simu iliyomo mkononi mwa binti zetu yasifu kinyume cha hayo, yaani mwili mwembamba wa picha zilizochaguliwa na kutengenezwa. Athari ya picha kama hizo imepimwa. Katika visiwa vya Fiji, mbali kabisa nasi katika bahari ya Pasifiki, watu nao walikuwa wakiusifu mwili uliojaa. Televisheni iliingia katika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtaalamu Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, kisha akawahoji wasichana wengine wa umri kama huo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupatikana hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili walipatikana kama 11 katika kila 100. Miaka mitatu tu ilitosha.

Basi mtazame mwanamke wa Ng'ombeni leo. Akienda arusini akiwa mwembamba huambiwa amekwisha. Akifungua simu yake akiwa mnene huonyeshwa kwamba hafai. Kila upande wamtukana mwili wake, wala hakuna upande mmoja uliomwuliza khabari ya siha yake.

VIPI FEDHEHA HULETA KULA

Mtu aweza kuuliza: ikiwa anauonea aibu unene wake, mbona asile kidogo? Hapa ndipo penye fundo la somo letu.

Tuchukue mfano. Mwanamke asikia maneno ya kumcheka katika shughuli. Arudi nyumbani na moyo uliovunjika, aape kwamba kesho hali kitu. Asubuhi aacha mahamri na mbaazi. Mchana aonja kidogo mbele za watu ili waone kwamba yeye si mlafi. Usiku, watu wamelala, njaa ya siku nzima na huzuni ya jana zamjia pamoja. Aingia jikoni aseme nitakula kidogo. Akiisha kuuvunja mwiko wake aona kwamba siku imekwisha haribika, basi hula wali uliobaki, mkate, kaimati, na chochote kilichopo, kwa upesi na kwa kiza. Kwa dakika chache huzuni hufunikwa. Kisha fedheha hurudi kubwa kuliko ya kwanza, naye aapa tena kwamba kesho hali kitu. Huo ndio mzunguko wenyewe: fedheha huleta kujinyima, kujinyima huleta kushikwa na kula, na kula huleta fedheha.

Wala tusidhani kwamba ni udhaifu wa wanawake. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana wanaume 36, wazima wa mwili na akili, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula karibu kwa nusu kwa muda wa miezi sita. Vijana hao walipoteza kama robo ya uzito wao. Na nafsi zao ziligeuka: wakawa hawafikiri ila chakula, wakisoma vitabu vya mapishi na kukiota chakula usingizini. Wengine walishindwa wakala kwa siri, kisha wakajilaumu. Na waliporuhusiwa kula watakavyo, wako waliokula kwa wingi mno na bado wakasema hawajashiba. Ikiwa wanaume wazima walifikishwa hapo na kujinyima peke yake, itakuwaje kwa aliyejumuishiwa kujinyima na kuchekwa?

DINI YATUAMBIA NINI

Ama israfu katika kula, hukumu yake iko wazi. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa na akatukataza kupita mpaka. Na katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba matonge machache yamtosha mtu, na kama hana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Hayo twayafahamu na twayahubiri kila mwaka inapokaribia Ramadhani.

Lakini liko fungu la pili tusilolihubiri. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewakataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao na wanawake kuwadharau wanawake wenzao, na akakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Je, "bonge" na "tipwatipwa" kwa mnene, na "kimbaumbau" kwa mwembamba, ni majina gani kama si hayo? Na imepokewa na Abu Daud kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliwahi kuutaja ufupi wa Bibi Safiya (r.a.) kwa kumshusha, na Mtume (s.a.w.) akamjulisha kwamba neno hilo lingechanganywa na maji ya bahari lingeyageuza. Sisi watu wa pwani twaijua bahari ilivyo kubwa. Basi na tulipime neno moja juu ya mwili wa mtu kwa kipimo hicho.

Na Imamu Ahmad amepokea kwamba masahaba walicheka walipouona wembamba wa miguu ya Abdullah bin Masud (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akawajulisha kwamba miguu hiyo katika mizani ya Mwenyezi Mungu ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Hapa pana mafundisho makubwa: Mtume hakumwambia Ibn Masud anenepe ili asichekwe, aliwarekebisha wale waliocheka.

Tena kiwiliwili ni amana na kina haki juu ya mwenyewe. Mtume (s.a.w.) alimkanya Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.) alipojizidishia funga na kukesha, akamkumbusha haki ya mwili wake. Basi kujinyima kwa kuuadhibu mwili si ucha Mungu. Na anayefunga Jumatatu na Alhamisi kwa kuuchukia mwili wake, kisha usiku akashikwa na kula mpaka akaumwa, na aitazame nia yake, na amwone mtu mwenye elimu.

WATU WATASEMA

Watasema baadhi ya watu: "Mwawafungulia walafi mlango wa udhuru. Kila mlafi sasa atasema yeye ni mgonjwa." Twajibu kwa mambo matatu.

La kwanza, ugonjwa haumwondolei mtu wajibu, humgeuzia tu. Mwenye homa hahesabiwi kwa homa yake, bali hutakiwa atafute dawa. Na mwenye maradhi haya hatakiwi ajitukane, hutakiwa ajitibu.

La pili, wanavyuoni wetu hawakuona haya kuyaita maradhi ya nafsi kwa jina lake. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na 934 wa Miladi, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi pamoja, akaeleza kwamba kinachoudhuru mwili huidhuru nafsi, na kinachoidhuru nafsi huudhuru mwili. Anayesema elimu hii ni ya Wazungu peke yao amewanyang'anya wazee wake urithi wao.

La tatu, na watazame matunda ya karipio. Ikiwa kumcheka mnene ni dawa, mbona twacheka miaka yote na wanene wazidi? Dawa isiyoponya huachwa, na dawa inayozidisha maradhi huharimishwa.

YA KUTENDA

Tangu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, wanaotaka islahi katika pwani hii wamezoea kuzipima ada zao kwa elimu na sharia. Basi na ada hizi za mwili nazo zipimwe.

Kwanza, mwenye maradhi ale kwa saa maalumu. Matabibu wa maradhi haya, kama Christopher Fairburn wa Oxford, huanza na jambo hilo: milo mitatu kwa siku, na vitafunio viwili au vitatu baina yake, pasipite muda mrefu bila ya kula. Sima kwa mchicha na samaki, ndizi, chungwa, muhogo wa kuchemsha, hivi vyatosha. Asiache chakula cha asubuhi kwa ajili ya kufidia usiku, kwani kufidia ndiko kunakoufungua mlango wa usiku.

Pili, aandike alichokula, saa ngapi, na nini kilichomjia moyoni kabla yake. Siku chache tu zitamwonyesha kama kilichomshika kilikuwa njaa, au hasira, au neno la mtu. Na akihisi kushikwa, atoke jikoni, atawadhe, aswali rakaa mbili, au amwendee mtu amwaminiye azungumze naye. Mara nyingi shauku hiyo hupanda kisha hushuka yenyewe.

Tatu, asione aibu kwenda kwa tabibu. Hospitali ya Kwale na ya Msambweni ziko karibu nasi. Na apimwe damu na sukari, na alieleze jambo lake kama lilivyo, maana tabibu asiyeambiwa siri atatibu kivuli. Ajue pia kwamba matibabu ya nafsi huanza kwa kuzuia kule kushikwa na kula, na uzito huenda usipungue upesi. Asikate tamaa kwa hilo. Kuvunjika kwa mzunguko ni kupona, ingawa mizani haijasema kitu.

Nne, katika Ramadhani, aliye mgonjwa na amwone tabibu kabla ya mwezi kuandama, kwani ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Na aliye mzima afuturu kwa tende na maji, aswali Magharibi, kisha ale kwa utulivu pamoja na watu wake, wala asiache daku.

Tano, na hili ni letu sote: tuache kuutaja mwili wa mtu tunapomwamkia. "Umenenepa" na "umekonda" si salamu. Salamu yetu yajulikana, nayo ina thawabu. Mume asimfananishe mkewe na picha za simu. Mama asimwite mtoto jina la mwili wake, wala asimlazimishe kumaliza sahani aliyokwisha shiba. Makungwi na wafunze siha badala ya kufunza kunona. Na khatibu anayesema juu ya ulafi aseme juu ya israfu ya karamu zetu, wala asiwatolee mfano watu wanene waliokaa mbele yake.

Sita, mwenye kumgundua mtu wake akila kwa siri, asimkamate kama mwizi. Amfunike kwanza, kisha siku nyingine, kwa upole na faraghani, amwulize nini kinachomsumbua.

Ndugu zetu, mtu huyu anayekula gizani hajifichi chakula. Atuficha sisi uso wake. Amejifunza kwamba macho yetu ni makali kuliko njaa. Basi tukitaka atoke gizani, sharti nuru atakayoikuta nje isiwe ya kumfedhehesha. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, atuhifadhi ndimi zetu, na atujaalie tuwe katika wanaosikiliza neno wakalifuata lililo jema. Amin.